Saa za Nyumbu

Jumatatu, 9 Machi.
Miaka mitatu na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo na vidole ndivyo vinavyolalamika, na hivyo nimeshavizoea. Naomba barua hii ikukute na afya, na mama naye awe anaona japo kivuli chako ukiingia mlangoni. Uliniuliza kama nitakuja kumwuguza akishafanyiwa upasuaji wa macho tarehe nane Mei, maana wewe ukikosa wiki tatu jikoni pale shuleni, nafasi yako inachukuliwa. Ukasema nijibu ndiyo au hapana, nisikuzungushe. Jibu lipo, lakini nivumilie kidogo.

Hapa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli lilibandikwa tangazo kwamba saa zetu za kazi sasa ni nyumbufu. Mimi na darasa langu la tano nikasoma nyumbu. Mwenzangu wa mashine ya pasi, mama mtu mzima tunayemwita Bi Mvuke, akauliza kwa sauti kwani jana tulikuwa nani, twiga? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msimamizi wetu, Kengele, akaja juu. Akatueleza kwamba nyumbufu ni kitu kinachovutika, na maana yake simu ikilia, hata siku ya mapumziko, mtu anakuja.

Dada, nililisoma lile tangazo tena, kidole juu ya kila neno. Mstari wa nne ulisema kwa makubaliano ya mwajiri na mwajiriwa. Mwajiriwa ni mimi. Nikaandika ombi kwamba nitafanya kazi siku zangu zote za mapumziko kwa wiki nane, zikusanywe pamoja na likizo yangu ya mwaka, kisha nije kwa mama wiki tatu. Kengele alicheka mpaka akajifuta macho. Akasema saa zinavutwa na ofisi, siyo na mpiga pasi. Nikamwambia mashuka yenye mpira yanapita mikononi mwangu kila siku, na mpira unaovutika bila kurudi tunautupa kwenye kapu la matambara. Akaniambia nichunge mdomo. Nikamwambia mdomo haumo kwenye tangazo.

Wenzangu nao wakaandika ya kwao. Bi Mvuke aliomba achelewe kuanza kwa saa moja, ampeleke mumewe kusafishwa kidonda. Tulikuwa kumi na wawili. Kengele akayafungia maombi yote kwenye droo. Basi Jumapili ya wiki iliyopita, siku yetu ya mapumziko, alipiga simu weee, hakupokea hata mmoja. Makubaliano yalikuwa bado. Kesho yake asubuhi tulikuta marundo ya mashuka yamefika hadi mlangoni, na meneja mwenyewe amekaa juu ya mojawapo, anayataka yale maombi. Kwenye langu alikata wiki tatu, akaandika mbili. Nikaomba kalamu, nikakata mbili, nikarudisha tatu. Tatu ikasomeka. Akayatazama mashuka. Akasaini.

Sasa kuna jambo limenikaa kooni. Baba alipokuwa akiumwa nilikuandikia kwamba nimenyimwa ruhusa. Sikunyimwa. Sikuomba. Nilifika mlango wa ofisi mara mbili, nikaogopa kufukuzwa, nikarudi kwenye mashine. Nawe ukamlaani Kengele siku zote za msiba, naye wakati ule hata hakujua kama nina baba. Zile laana ni zangu. Ukitaka kunisema, niseme uso kwa uso, sitajitetea. Lakini yule aliyeishia mlangoni hayupo tena, hata Kengele anamtafuta.

Jibu ni ndiyo. Usimwombe mtu ruhusa huko jikoni, wala usimtafute jirani wa kushika zamu. Nisalimie mama, mwambie bandeji ikifunguliwa asishtuke, huyo mzee mwenye mvi ni mwanawe.

Ni mimi mdogo wako, nyumbu wa mashine ya pili, nitakayeshuka stendi Jumatano, tarehe sita Mei, apende Kengele asipende.