Kifaa cha Binti Yangu Nakivaa Mimi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana.

Nina binti wa miaka kumi na mitano mwenye kisukari aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi insulini na asipochoma sindano kila siku haishi, na tangu ana miaka sita nimemchoma vidole kupima sukari mpaka ncha zake zimekuwa ngumu kama za mshona viatu, ndiyo maana wazazi wenzangu waliponiomba tukadai serikali iwagharamie watoto vile vifaa vya kubandika mkononi vinavyosoma sukari bila kuchoma kidole, sikusita, tukazunguka na karatasi za saini miaka mitatu, tukakalia mabenchi ya wizara mpaka walinzi wakatuzoea, na siku tulipoitwa mbele ya kamati ya wabunge ni mimi niliyesimama nikasema, "Waheshimiwa, naomba mshike vidole vya mwanangu," wakavishika, na tangu hapo watu wananiita Mama Vidole.

Vifaa vikaja. Viwili kwa mwezi kwa kila mtoto, bure, ila asiyevivaa siku nyingi za mwezi anatolewa na nafasi inakwenda kwa mwingine, na foleni ina watoto zaidi ya mia mbili.

Binti yangu alikivaa miezi minne akakibandua. Nilikikuta kwenye pipa la taka bafuni, nikamuuliza, akasema, "Nimechoka, mama," hilo tu, nikabembeleza, nikafoka, nikanuna, akakataa katakata, akasema atapima kidole kama zamani, nami nikawaza nitawatazamaje wale wazazi, Mama Vidole mzima ambaye mwanawe mwenyewe amekitupa, basi shetani gani sijui akanipitia, nikachukua kifaa kipya nikakibandika nyuma ya mkono wangu wa kushoto, na kile kijisimu chake kinachopokea namba nikakitia kwenye pochi yangu.

Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi, joto lake unalijua, na mimi nimo ndani ya mikono mirefu, hata mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza, "Shoga, una homa au una mume mpya?" nikacheka naye huku nauvuta mkono wa gauni ufunike.

Alhamisi iliyopita tukaenda kliniki. Daktari alikuwa mgeni pale, akatazama namba za mwezi mzima akatabasamu. "Hongera, binti. Sukari imetulia hivi, kwa dozi hii itakuja kushuka mno ikuangushe. Tupunguze insulini." Binti yangu akanigeukia akanitazama. Tulipofika kwenye korido akasema, "Hizo namba za nani, mama?" Akapandisha mkono wa gauni langu, akakiona.

"Basi na sindano ukachome wewe," akasema, akatangulia nje.

Tangu siku hiyo anachoma ile dozi ndogo, nikimwambia arudie ya zamani ananijibu daktari kasema, jana kidole kimesoma kumi na tisa wakati hata kumi ni nyingi, maji anakunywa jagi zima, msalani haishi kwenda, baba yake yuko safarini na lori hajui lolote, nikisema ukweli mtoto atatolewa kwenye mpango, nikinyamaza naona anavyokauka, nakaa nasimama, nasimama nakaa, chakula hakipiti. Nifanye nini? Namba yangu ya simu iko chini, usiichapishe.

Mama Vidole

*

Mama Vidole,

Wasomaji wajue kwamba barua yako sikuiacha isubiri zamu. Nilikupigia nikiwa bado nimeishika, nikakwambia uiache pasi, ukamchukue mtoto shuleni, mwende hospitali saa hiyo hiyo. Ukaniuliza, "Nikawaambie nini?" Nikakujibu: yote, kuanzia kwenye pipa la taka. Ulikwenda ukayasema, na kwa hilo nakuheshimu. Juzi ulinipigia ukaniruhusu nichapishe haya, pamoja na jina lako la utani.

Sasa kaa nikuseme. Uliandika sukari ya mtu mzima mwenye afya kwenye faili la mtoto mgonjwa, na daktari akampimia dozi kwa sukari yako. Hiyo si aibu ndogo ya mama. Mkojo wake ulikuwa umeshaanza kuonyesha sumu ile inayojaa mwilini insulini ikipungua, na umeniambia mwenyewe alivyosema muuguzi: siku mbili zaidi angefika amebebwa. Unashukuru dozi imerudishwa na sukari imeshuka. Shukuru, lakini usisahau nani aliipandisha.

Najua hukufanya kwa ubaya. Mtu aliyepigania kitu miaka mitatu hawezi kukiona kwenye taka akabaki na akili zake zote. Ila sikiliza kile ambacho binti yako alimwambia muuguzi, nawe ukakirudia kwangu huku unalia: "Tangu nivae kile kitu mama hanisalimii, ananisoma. Namba zinamfikia kwenye simu yake, zikishuka kidogo anapiga kwa mwalimu mkuu, naitwa mbele ya darasa ninyweshwe juisi." Mama yangu, huyo hajachoka na kifaa. Amechoka kulindwa kama chungu kilicho motoni.

Sasa fanya haya. Mwombe radhi leo, bila "lakini" ndani yake. Mumeo akishusha mzigo mwambie wewe mwenyewe, asije akasikia kwa majirani. Halafu nenda kwenye kikao cha wazazi, simama kama ulivyosimama kwa waheshimiwa, uwaeleze ulichofanya. Wengine watakusema, vumilia. Ukimaliza, wakumbushe jambo moja: sharti linalomtoa mtoto aliyechoka bila hata kumuuliza kwa nini amechoka ni sharti baya, nalo lipelekwe wizarani. Hapo ndipo kelele zako zinahitajika.

Unalalamika kwamba mpango umemsimamisha mwezi mmoja mpaka aseme mwenyewe kama anakitaka. Usiende kuwaombaomba. Wamekuwa waungwana kuliko walivyopaswa. Mwezi huo mwachie apime vidole vyake mwenyewe, wewe uone namba akikuonyesha, na mkubaliane na muuguzi ni namba zipi lazima akwambie papo hapo. Zilizobaki ni zake.

Mwezi ukiisha akikitaka, namba zitakuja kwenye simu yako kwa ruhusa yake, na shuleni hupigi mpaka kengele ya hatari ya kifaa ilie. Asipokitaka, kirudishe kwa mikono miwili, mtoto wa watu aliye kwenye foleni akivae, na wewe usinune.