Nyama ya Ukweni Iliyoishia kwa Mbwa

Mama Dafroza mpendwa, nakuja kwako kuomba msaada, maana jambo langu hili nikimweleza mtu yeyote wa hapa Musoma atacheka kwanza ndipo anisikilize, na mimi kwa sasa siwezi kuchekwa.

Ni kijana wa miaka ishirini na minane, nimepanga chumba Kamunyonge na ninauza nguo za mitumba pale Iringo, biashara ambayo zamani tungeitwa walanguzi lakini siku hizi imeruhusiwa na Mungu ametujalia. Kwetu ni ziwani, baba ni mvuvi, alikuwa akienda kambi za Rukuba na kukaa huko muda mrefu, kwa hiyo mimi nimekulia sato, furu na dagaa, nyama tuliiona Krismasi, na miaka ile ya foleni hata Krismasi ilipita kavu. Sasa fedha ilipoanza kuonekana nikawa kama ndama aliyefunguliwa kamba, jioni nyama choma na bia, mchana chipsi na soda, mpaka nikawa nahema nikibeba belo la mitumba, suruali zote zikanikataa, muuza nguo mzima nikakosa nguo ya kunienea.

Hapo ndipo nikakutana na Clementi. Huyu alikaa Nairobi, akarudi na kitabu cha afya cha Kiingereza, akafungua mahali pa mazoezi uani kwao, vyuma amejitengenezea mwenyewe kwa makopo ya rangi aliyoyajaza saruji, na ukutani amebandika picha za watu wenye vifua vya kutisha. Akanipa masharti, niache nyama, niache bia, niache soda, niache vya kukaanga, na kila alfajiri nikimbie mpaka Makoko na kurudi. Akaniambia, "Nyama inaozaga tumboni, bwana. Tembo anakulaga nini? Majani. Na wewe ulishaona nani anamwangusha tembo?" Nikafuata, na sitasema uongo, ilinisaidia, mwili ulipungua, pumzi ikarudi, watu wakaanza kuniuliza dawa ninayotumia.

Tukaona tusonge mbele, tukaacha na samaki, tukaacha mayai na maziwa. Mama yangu alilia, akadhani nimeingia dini nyingine, maana mtoto wa mvuvi kumkataa sato mbele ya mama yake ni jambo zito. Chakula changu kikawa ugali wa muhogo na mchicha uliochemshwa, au kisamvu, chai ya rangi asubuhi. Lakini miezi hii ya karibuni nikiinama kisha nikasimama naona giza, kopo nililokuwa nikiinua kwa mkono mmoja linanishinda kwa mikono miwili, midomo imechanika pembeni. Clementi anasema hiyo ni sumu ya nyama ya zamani inatoka, nivumilie.

Sasa Mama, ninaye mchumba, Robi, anashona pale barazani karibu na meza yangu, ananipunguzia suruali za wateja, na kwao ni upande wa Butiama, watu wa jembe na ng'ombe, Wakatoliki kama sisi. Posa ilikubaliwa, ng'ombe wakaenda, ikabaki siku ya kula kidari. Kwao ipo desturi hiyo, baba wa binti anachinja dume, kwenye kidari anakata vipande viwili, kimoja anampa mkwe na kimoja binti yake, mnakula mbele ya wazee. Mwanamume akila, amemkubali binti, na binti akila, amemkubali mwanamume. Hakuna maneno wala sahihi, ukishameza umeoa. Robi alinionya mapema, akasema, "Tumwambie baba kabla ya siku yenyewe kwamba nyama huli, siyo mtu wa kukasirikaga bure." Mimi nikakataa, kwa sababu baba yake, Mzee Wanzagi, ana utani mkali na sisi watu wa samaki. Mara ya kwanza kunikaribisha aliniuliza, "Ninyi wa ziwani nyama mnaijua kweli, au mnasubirigi mpaka ing'ate ndoano?" Nikaona nikisema sili nyama nitakuwa mchezo wao mpaka nizeeke.

Siku ikafika, nilikwenda na mjomba wangu Felisian na wazee wetu, nimevaa koti zuri nililolichagua kwenye belo langu mwenyewe, lenye mifuko mirefu. Mzee akanipa kipande changu, akampa Robi chake. Robi akala, nilimwona kwa macho yangu akitafuna mpaka mwisho. Mimi nikapeleka mkono mdomoni, nikatikisa mashavu, watu walipoanza kupiga vigelegele nikakitumbukiza kipande mfukoni. Nilijua nitakitupa njiani. Lakini pale nyumbani kuna mbwa, Mama, yule mbwa alinifuata tangu nilipoinuka kwenye kigoda, ananusa koti, nikawa namfukuza kwa kisigino huku nacheka na wakwe, na nilipokaa kwenye benchi akachomoa ile nyama mfukoni akakimbia nayo hadi katikati ya uwanja, akalala chini kuila mbele ya watu wote.

Mzee mmoja akauliza kidari hicho ni cha nani, maana vipande vilikuwa viwili tu na kila mtu alivijua. Walikuwa wakimtazama mbwa, hawakuona kimetoka wapi. Mimi ulimi ulikufa. Robi alikuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa, akanitazama, halafu akasema, "Ni changu. Kimenishinda." Baba yake akaweka kisu chini, akasema tu, "Binti amesema," na sherehe ikaishia hapo, tukaaga kama watu waliotoka msibani.

Sasa Robi amepelekwa kwa shangazi yake Bunda, cherehani yake imefunikwa, paroko hakupewa majina yetu ya kutangaza ndoa kanisani, kwao wanasema binti amemwaibisha baba kwa kumkataa mume baada ya ng'ombe kuingia zizini. Kwetu nako mjomba Felisian amekasirika, anasema, "Msichana amekukataa mchana kweupe, tukadai ng'ombe zetu," na amepanga kwenda Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Mimi bado sijamwambia mtu.

Kwa hiyo Mama naomba unieleze kitaalamu, je, mwanamume anaweza kuwa na nguvu bila nyama, ili nikienda kwa wakwe niwe na hoja za kuwaeleza? Au nirudie kula nyama yaishe? Na je, nikisema nina vidonda vya tumbo na daktari amenikataza, litakuwa kosa kubwa? Na mwisho, huyu Robi hajaniletea hata salamu tangu siku ile, unafikiri bado ananipenda?

Ni mimi Mla Majani,
Kamunyonge, Musoma.

MAMA DAFROZA ANAJIBU

Mla Majani, umenitajia majina ya watu wote isipokuwa lako. Nimeyabadilisha yote kabla barua haijafika kwa mpiga chapa, maana wengine humo hawajakukosea lolote.

Umeanza na tumbo, nami nianze na tumbo. Ndiyo, mtu anaweza kuishi bila nyama na akawa na nguvu. Wapo watu wanaozaliwa na kuzeeka hawajawahi kuila, na wanalima. Na kweli wapo wanaoila kupita kiasi, wanavimba vidole vya miguu na presha inawapanda, hao daktari huwaambia wapunguze. Kwa hiyo kuacha nyama siyo wazimu, usikubali mtu akucheke kwa hilo.

Lakini hesabu yako ina kasoro. Ulipomfuata Clementi uliacha bia, soda, chipsi na nyama siku moja, ukaanza na kukimbia asubuhi. Mwili ukapona. Leo sifa zote unazipa kukosa nyama! Kuna mtu anayekunywa kila jioni na kushushia chipsi, akaviacha, akakimbia mpaka Makoko kila siku, asipungue? Hata ungeendelea na kipande chako cha nyama Jumapili, suruali zingekuenea.

Halafu ukavuka mpaka. Nyama imetoka, samaki ametoka, mayai na maziwa yametoka, na mahali pao umeweka nini? Muhogo na majani. Maharage sijayaona kwenye barua yako. Kunde sijaziona, wala choroko, wala karanga, na unaishi mjini ambako siku hizi soko limejaa. Miaka ile tuliyokula unga wa njano na mboga ya kuchuma porini, watoto walipasuka midomo hivyo hivyo kama wewe, na hakuna aliyetuambia ni sumu inatoka. Tuliita njaa. Tofauti yako na sisi ni kwamba sisi tulikuwa tunatafuta chakula hatukioni.

Na tembo wa Clementi mwache huko huko mbugani. Tembo anakula mchana kutwa na usiku pia, wewe una sahani moja na meza ya nguo ya kulinda.

Nimemuuliza bibi lishe mmoja ninayemwamini, amenieleza hivi. Nenda hospitali kesho, siyo wiki ijayo, wakakupime damu, maana hilo giza la machoni huenda ni damu iliyopungua. Usijinunulie vidonge dukani. Kila siku ule maharage au kunde, sahani ya kushiba siyo ya kuonja, na karanga uzisage uunge kwenye mchicha wako. Kula na matunda. Tena anasema kuna vitamini ya damu ambayo mimea haina, kwa hiyo angalau rudia maziwa na mayai, na ukiweza rudia dagaa. Mama yako atafurahi kuliko utakavyofurahi wewe. Nyama ya ng'ombe ukiamua kuiacha moja kwa moja, iache, hutakufa. Mazoezi endelea nayo, ila acha kunyanyua makopo mpaka upate majibu ya damu.

Tumbo limekwisha. Sasa sogea karibu.

Unataka hoja za kitaalamu za kumpelekea Mzee Wanzagi. Za nini? Watu wa Mara tunaijua miiko. Kuna ukoo haugusi mnyama huyu, ukoo mwingine haugusi yule, na mgeni akisema "hiki kwetu hatuli," anatafutiwa kingine na mazungumzo yanaendelea. Mzee kama huyo anamwelewa kabisa mtu anayesema hali kitu fulani. Asiyemwelewa ni mtu anayetafuna hewa mbele ya wazee huku nyama ya dume lao imelala mfukoni. Robi alikuambia hilo mapema, mtoto wa mwenye nyumba, anayemjua baba yake. Hukumsikiliza kwa sababu uliogopa utani! Utani wa mkwe, kijana, ungeuzoea kabla ya mtoto wa kwanza. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha mpaka umebaki huna mke.

Habari ya vidonda vya tumbo usinitajie tena. Uongo wa kwanza umemfukuzisha binti wa watu nyumbani kwao, sasa unatafuta wa pili.

Ninakuhurumia, siwezi kukataa. Najua ulimi unavyoweza kufa mbele ya watu wazima, na yule mbwa sikumtegemea hata mimi. Dakika ile moja ningekusamehe. Ila tangu siku ile umeamka ukakimbia asubuhi, umefungua meza yako, umeiona cherehani imefunikwa, umekaa ukaandika barua ndefu ya chakula, na hukumwambia hata mama yako. Hilo linanikasirisha.

Unaniuliza kama Robi bado anakupenda, kwa kuwa hajaleta salamu. Wewe! Msichana amekula kipande chake chote mbele ya wazee, amekukubali. Kisha amesimama mbele ya baba yake na ukoo wake akasema amekukataa, ili wewe usichekwe. Amepoteza nyumba, kazi na jina lake kwa siku moja. Unataka akutumie na salamu za redioni? Mimi sijui kama bado anakupenda. Ningekuwa shangazi yake wa Bunda ningemshauri aache. Hilo utalijua kwake mwenyewe, na unaweza kulikuta limekwisha. Ukilikuta limekwisha, utapokea. Utakwenda hata hivyo, kwa sababu unachokwenda kurudisha ni heshima yake, na hiyo anaistahili akiolewa nawe au asiolewe.

Fanya hivi. Leo hii mwambie mjomba Felisian ukweli wote, pamoja na mbwa. Atakufokea, mwache amalize, kisha mwombe safari ile ya Jumapili asiende kudai ng'ombe, aende nawe. Usitangulie Bunda kumwona Robi kwa siri, utamwongezea maneno. Usipeleke mbuzi wala zawadi ya kufunika mdomo wa mtu, mambo ya faini watakuambia wenyewe kama yapo. Ukifika Butiama uombe waitwe wazee wale wale waliokuwepo, wote, siyo baba peke yake ndani, kwa kuwa aibu ilitokea hadharani. Wakimleta Robi, vizuri. Wasipomleta, sema vilevile.

Wakikucheka, wacheke. Wakikupa kipande kingine na moyo wako ukakubali, kula. Usipokubali, sema huli, uombe maziwa, nyumba ya wafugaji haikosi.

Na maneno yasiwe mengi. Simama, vua kofia kama umeivaa, umtazame mzee, umwambie: "Baba, kipande kile kilikuwa changu. Robi alikula chake."