Hakuna Anayeshuka Mikono Mitupu

Makadara, Nairobi.
Jumatano jioni.

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na wadogo zangu, na majirani wote wanaokuja kuota jua mbele ya nyumba yetu. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba mgongo wako umetulia tangu mvua ilipopungua. Sisi huku hatujambo. Shangazi Roseline ni mzima, ingawa bado hajaizoea nyumba hii ya Makadara. Akitoka sokoni miguu yake humpeleka upande wa Makongeni tulikohama, kisha hucheka peke yake na kugeuka. Anko Phares naye anakusalimu sana na kusema kwamba hajasahau jinsi ulivyomshinda katika mchezo wa ajua.

Masomo yanaendelea vizuri. Mwalimu wa Kiswahili alisoma insha yangu mbele ya darasa, na nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikudumu. Utaelewa sababu ukifika mwisho.

Najua utashangaa kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ni ya Shangazi, na akinipa hubaki karibu akikunja nguo. Tena nikisikia sauti yako nitasema kila kitu ni sawa, kama nilivyokwisha kusema mara nyingi. Anko Phares anasafiri Ijumaa kuja matangani huko Kisumu, naye ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali, Baba, isome yote kabla ya kwenda kwenye kikao cha Jumamosi.

Likizo iliyopita ulinipa kazi. Tulikuwa tumekaa ndani ya mashua yetu, Asenath, ikiwa imefungwa ufuoni, na Jumapili nzima hakuna mgeni aliyetokea. Ulisema wageni wako wengi walikuwa watu wa Nairobi, tena wa mitaa hii ninayosomea, waliokuwa wakija kwa makundi, kila mmoja akilipia nafasi yake, wakashinda majini na mishipi yao wakipiga soga. Uliniomba niwaulize kwa adabu ni kitu gani kimewafanya wasije tena. Ulisema mtu akiujua ugonjwa wake ataijua dawa. Nimeifanya kazi hiyo, Baba, na haya ndiyo niliyoyasikia.

Nilianza na Anko Phares kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwakusanya watu wa reli kila Pasaka. Alisema mashua kama yako ni ya kundi, na kundi lenyewe halipo tena. Zamani angegonga milango ya ngazi moja tu na Asenath ingejaa. Tangu watu waanze kuhama Makongeni, mmoja yuko Huruma, mwingine Kayole, mwingine amerudi kwao kabisa, na hakuna anayejua mlango wa mwenzake. Alisema pia kwamba vijana wao hawana subira ya ndoana. Wanapenda zile mashua zenye muziki, zinazozunguka kidogo na kurudi. Anayetaka samaki ataagiza aliyekaangwa, na anayetaka ziwa atalipiga picha.

Mzee Sakariye, yule mwenye duka la jumla la vitambaa Eastleigh, ambaye binti yake Hibaq ni jirani yangu wa dawati, aliniambia nauli imepanda na mafuta ya injini yamepanda, na mtu mwenye watoto wengi hufikiri mara mbili. Alinikumbusha siku ambayo gugumaji liliwafungia njia, wakakaa wakitazama majani mabichi pande zote. Alisema mkewe, Mama Qali, aliuliza kama wamelipa kwenda ziwani au kwenda shambani. Alilisema hilo kwa upole akicheka, lakini nikaona kwamba hakunitazama.

Mama Nekesa, kiongozi wa kwaya, hakunificha habari ya jua kali. Alisema ukishaingia katika mashua ya Seth hujui utatoka lini. Kuna mwaka ambao kila mwanakwaya alikuwa amekwisha kuvua isipokuwa mwimbaji mmoja wa sauti ya pili, nawe ulikataa kugeuza omo kurudi ufuoni mpaka naye apate, jua likawachoma na watoto wakatapika. Alisema wewe ni mtu wa kutimiza ahadi, ila ahadi yako ina safari ndefu.

Tulikuwa nyuma ya kanisa, mazoezi yakiwa yamekwisha. Mwimbaji mmoja aliyekuwa akikunja viti alidakia bila kujua mimi ni nani. Alisema, "Kwani hao samaki wa Seth husoma shule gani? Wote saizi moja, kama waliovaa yunifomu."

Waliangua kicheko, mmoja akauliza kama walikuwa wamelipa karo. Mama Nekesa alimfinya yule dada na kuninyooshea kidevu, lakini alikuwa amechelewa. Nami nilicheka, Baba. Nilicheka pamoja nao, tena kwa sauti, ili wasione uso wangu.

Nilifikiri niishie hapo na kukuletea gugumaji na nauli na muziki. Lakini Jumapili Hibaq alinialika kwao. Mama Qali alinipa chai ya viungo na halua, akaniuliza habari za Mama, kisha akasikia bado naulizauliza juu ya mashua. Alinitazama, kisha akamtazama Hibaq. Hibaq akamwambia, "Hooyo, mwambie tu. Huyu ni wa kwetu."

Ndipo Mama Qali akanieleza kwamba mara ya mwisho walipokuja, walirudi Nairobi na samaki wao, wale ngege, kwenye sanduku la barafu, akaketi kuwapasua. Tumboni mwa wa kwanza alikuta punje za kahawia, ngumu, za mviringo, na wa pili vilevile. Ni kile chakula wanachomwagiwa samaki wa kufugwa vizimbani. Alimwita mumewe aje aone. Mzee Sakariye alitazama, akanawa mikono, akasema aibu ya mwenzako ukiiona uifunike, nawe Mungu atakufunikia yako. Waliwapika wale samaki wakawala. Hawakumwambia mtu, na hawakurudi tena, kwa sababu Mzee Sakariye asingeweza kukutazama usoni huku anajua.

Wanadhani ni wewe, Baba. Wanadhani wewe ndiye uliyekuwa ukinunua samaki wa vizimbani na kuwatungia wageni kwenye ndoana. Nadhani wanakwaya nao wanashuku hivyo hivyo. Na wote, kwa heshima waliyo nayo kwako, wameamua kukupa gugumaji na nauli badala ya neno hilo.

Ningeweza kusema pale pale. Kikombe kilikuwa mkononi, na Mama Qali alikuwa akinitazama kwa huruma kama mtu aliyemletea mtoto habari ya msiba. Nilikunywa chai yangu yote, nikasema asante kwa kuniambia, nikarudi nyumbani.

Ni mimi niliyefanya hivyo, Baba.

Uliandika maneno haya ubavuni mwa Asenath kwa mkono wako mwenyewe, kwa rangi nyeupe: HAKUNA ANAYESHUKA MIKONO MITUPU. Nimekua nikiyasoma maneno hayo kabla sijajua kusoma kitu kingine. Nilipokuwa mdogo yalikuwa rahisi, kwa sababu samaki walikuwapo. Baadaye nikaanza kuuona uso wako adhuhuri, mgeni mmoja akiwa bado hajapata, ukisema tungoje kidogo tu, tungoje kidogo. Niliona ukificha kwamba mafuta yanakwisha.

Kazi yangu ilikuwa kukaa tezini, mwisho kabisa wa mashua, nyuma ya turubai, nikiwatilia chambo wale wasiotaka kushika nyungunyungu. Sylvance, rafiki yako wa siku zote, kwa kuwa analinda vizimba vya samaki, alikuwa akinipa ngege wachache nikipita, nami nilimwambia ni wa sufuria ya Mama. Niliwaweka hai katika kikapu cha wavu, nikakifunga chini ya tezi ambapo huwezi kukiona ukiwa kwenye usukani. Mgeni akiniletea ndoana yake nitie chambo, nilimtunga ngege mdomoni, nikamshusha polepole, nikautikisa mshipi, nikamwita mwenyewe aje aushike.

Wa kwanza nilimtungia Magan, kaka yake Hibaq, aliyekuwa akilia kwamba ziwa halimpendi. Alimkumbatia yule samaki mpaka shati likalowa. Nawe ulivua kofia yako na kucheka, ukaniambia, unaona, Adongo, ziwa bado linatukumbuka. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo kwa muda mrefu. Nilifanya hivyo tena safari iliyofuata kwa ajili ya kicheko hicho, kisha sikujua jinsi ya kuacha. Sikufikiri kwamba samaki wa vizimbani hukua sawasawa. Sikufikiri kwamba mtu atampasua.

Sababu walizonipa watu hawa si za uongo. Kundi limetawanyika kweli, nauli imepanda kweli, na samaki wenyewe wamepungua. Lakini yangu ilijificha katikati yake kama nyoka katika gugumaji, nami nilikuwa nikikusaidia kulisogeza huku nikijua kilichomo.

Wewe hukuwa na njia ya kujua. Uliamini ziwa bado linatoa, kwa hiyo wageni walipokatika ilibidi utafute mkosaji nje, ukampata Sylvance na vizimba vyake. Mama aliniambia siku hizi mnapishana njiani bila salamu, ninyi mliokuwa mkishikana mikono siku zote mkivuta mashua. Sasa Jumamosi utasimama mbele ya maafisa na watu wa ufuo wote na kusema vizimba ndivyo vilivyowafukuza wageni wako. Kama vizimba vinalidhuru ziwa, hilo watalisema wanaolipima. Lakini wageni wa Asenath hawakufukuzwa na Sylvance. Yeye alinipa samaki kwa wema, akidhani analisha nyumba yako. Usisimame ukaape jambo ambalo binti yako anajua si kweli.

Jana baada ya masomo nilimwomba Hibaq anipeleke dukani kwa baba yake. Mzee Sakariye alikuwa akimpimia mteja kitambaa. Nilingoja mteja aondoke, nikasema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitalia. Hibaq alinikazia macho, akasema kwa sauti ndogo, kama asiyetaka kuamini, "Zii, Adongo," na tangu hapo hakunishika mkono.

Mzee Sakariye alikikunja kile kitambaa mpaka akamaliza. Kisha akaniuliza kama wewe unajua. Nilisema bado. Akaniambia, "Basi umeanzia mlango usio wako." Nilitamani sakafu inimeze. Niligeuka niondoke, akaniita tena.

Alisema samaki wapo hata hapa sokoni Gikomba, na hakuwahi kusafiri hadi Kisumu kwa ajili ya samaki. Alikuwa akija akae siku moja na watoto wake wakiwa wameshika mishipi badala ya simu, na wewe ukiwaita kila mmoja kwa jina lake ingawa ni mara moja kwa mwaka. Akasema, "Mwambie baba yako, siku atakayoniruhusu kushuka mikono mitupu, anijulishe." Aliuliza pia kama lile turubai bado lipo, kwa sababu Mama Qali hawezi kuvumilia jua. Hakuahidi kitu zaidi ya hapo, nami sitaki kukuongezea neno. Lakini aliuliza habari za turubai, Baba.

Kwa Mama Nekesa nitakwenda Jumapili baada ya ibada. Namwogopa kuliko Mzee Sakariye, kwa kuwa yeye atanisamehe mbele ya watu. Shangazi bado hajui. Anadhani macho yangu yamevimba kwa kusoma sana, na ameninunulia karoti. Nikimaliza kuandika nitamwambia.

Nakuomba umsalimie Sylvance kwa niaba yangu, kama utaona vyema, na umwambie kwamba nitamtafuta mwenyewe. Nakuomba usimkaripie Mama, maana hakuwahi kumwona hata mmoja wa wale samaki niliosema ni wake. Mimi unikaripie. Unaweza kumpa Anko Phares jibu lako. Ukisema likizo hii nibaki huku huku Nairobi, nitabaki, na sitamwambia mtu kwamba umekosea.

Kila nikija nyumbani Shangazi hunifungia mkate na sukari, kwa sababu mtoto hatoki Nairobi akaingia kwao bila kitu. Safari hii nimemwomba asinifungie chochote, naye ameniuliza kama nimegombana na mtu. Ukiniruhusu nije, nitashuka Kisumu mikono mitupu. Naomba uje unipokee hivyo hivyo.

Mpe Mama salamu zangu, na wadogo zangu wote. Mungu aulinde mgongo wako, na aiweke Asenath juu ya maji.

Ni mimi binti yako,
Adongo.