Pikipiki Yako Imefika Feri

Baba Rehema,

Nimeona nikuandikie mwenyewe, maana mdogo wako Felisi angekueleza angekata nusu. Pikipiki inatembea. Inaenda mbele.

Unakumbuka ilivyotushinda. Tuliitoa injini kwa sababu petroli ilikuwa ya kupanga foleni, tukafunga dainamo ya lori izungushe gurudumu kwa betri mbili. Nilipowasha swichi ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye meza ya muuza kahawa. Mtaa mzima wa Gerezani ulicheka, na wewe ukiwaongoza. Ukabadili waya za betri, ikarudi nyuma vilevile. Nikakwambia tatizo liko ndani ya dainamo. Ukasema, "Mama Rehema, wewe kazi yako kusuka koili, waya niachie." Ukaifunika turubai. "Siku ikienda mbele nitakaa kwenye keria unipeleke Feri."

Kisha ukaugua, ukaondoka, turubai likiwa bado juu yake. Hilo limeniuma, nakwambia ukweli.

Siku ya kuanua matanga ndugu zako waligawana vitu vyako. Mashati, redio, spana. Felisi akafunua turubai. "Hii haina injini, ni chuma chakavu. Naenda kuipima kilo niiuze." Nikamwambia, shemeji, spana chukua, hii ina jasho langu. Akacheka: ikileta samaki kutoka soko la Feri, hataidai tena. Wazee wakakubali. Akachagua Jumapili baada ya saa nane, magari yakiwa yamekatazwa barabarani kubana petroli, ili nisipate wa kunivuta.

Nikaifungua dainamo. Ukibadili waya za betri unageuza koili na kile kinachozunguka katikati yake kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kinachogeuka. Nikageuza waya za koili peke yake. Gurudumu likazunguka mbele. Nikakaa pale chini nikilitazama tu.

Jumapili barabara ilikuwa tupu. Mnazi Mmoja askari akanisimamisha. "Mama, petroli ya saa hizi umeitoa wapi?" Nikamwambia atikise tangi, lile ulilonikataza kuling'oa, ukisema pikipiki bila tangi ni kama mbuzi aliyechunwa. Akatikisa, zikalia karanga zangu. Akainama kutafuta bomba la moshi, hakuliona.

"Sasa nikuandikie kosa gani?"

"Andika nimepita bila kelele."

Akaomba karanga, nikampa, nikapita.

Nilirudi na samaki wawili, changu. Felisi alikula. Alipomaliza kunyonya kichwa akauliza kama naweza kumtengenezea na yeye. Nimemwambia alete chuma chake.

Lakini kuna jambo lilinisumbua. Kwa hesabu yangu, Feri na kurudi, betri zingebaki hoi. Kesho yake, kabla sijazichaji, nikazunguka mpaka Upanga nikarudi, bado zina nguvu. Mimi hesabu hazinipigi chenga, unanijua. Nikakaa nazo, nikaanza upya, volti, uzito wa chuma, uzito wangu. Ndipo nikaona kilichozidi. Kilo sabini na mbili, kwenye keria.

Nilikuwa nimekuhesabu wewe.

Rehema anataka kukaa pale, na atakaa. Yeye ni mwepesi, betri moja ingetosha. Pumzika, mume wangu. Betri zako sitazipunguza.

Mama Rehema