Kichochoro Kinataka Upande Mmoja

Kaka yangu Bahati,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungelijua tu, hata ningelificha chini ya salamu kumi.

Wiki chache baada ya kukuzika nilianguka na kinga, ile baiskeli ya magurudumu matatu uliyonitengenezea niiendeshe kwa mikono. Ilikuwa kwenye mteremko wa sokoni. Gurudumu la mbele lililala kando ghafla, ndagala zangu, samaki wote wa kuuza siku ile, zikamwagika barabarani, nikachubuka uso. Mama alilia kana kwamba anazika wa pili. Akaipeleka kwa fundi mwingine, naye akachomelea vyuma viwili chini ya usukani, kimoja kushoto, kimoja kulia, gurudumu lisigeuke kupita kiasi. Ni fundi mzuri. Ila hajawahi kufika kwetu.

Wewe ulikijua kichochoro chetu cha Kilibula, kinavyoishia mlangoni, ukuta huku na ukuta kule. Unakumbuka ulivyokipima? Hukutafuta mita. Ulinibeba mgongoni, nikakukaba shingo, ukanyoosha mikono mpaka ukagusa kuta zote mbili. Ukasema, "Minye nimekubeba tangu primeri, Sifa. Sasa mugongo iko naomba ruhusa." Ukakaa na mabomba ya kuundia kinga mwezi mzima. Ukarudisha kiti nyuma, ukafupisha mikono ya kuzungushia, hadi gurudumu la mbele likaweza kulala kando kabisa. Nikizungusha hapo, kinga haiendi popote, inageuka palepale. Uliijaribu chumbani kwa Mama, kati ya kitanda na kabati, ukamvunjia kioo. Hata hukuomba radhi, ulikuwa unacheka tu. "Hakuna muntu atakubeba tena, weye!"

Kaka, nimebebwa. Vile vyuma viwili vinazuia gurudumu kulala kando, na kinyumenyume kinga haiendi, unajua mnyororo wake. Basi jioni naingia vizuri, asubuhi naikalia ikiwa imeuelekea mlango, nangoja majirani wawili wamalize chai. "Tuko nakuja, mama." Wanakuja, watu wema, wananiinua pamoja na kinga na kunigeuza, mkono wa mmoja ukinibana paja, na mimi nasema asante. Ile asante ilinichosha kuliko mteremko wowote. Kuna asubuhi nilikukasirikia kwa kufa. Nisamehe. Au usinisamehe, ilikuwa hasira ya kweli.

Wiki iliyopita tuliondoa matanga. Vyombo vyako, ambavyo hakuna aliyevigusa tangu msiba, vilitolewa uani, kila mmoja wetu achague kitu. Mjomba alichukua mashine ya kuchomelea. Mama alichukua koti lako, hajalifua. Mimi nikaomba msumeno wa chuma, watu wakacheka. Mjomba akauliza, "Weye Sifa, na musumeno mutaenda wapi?" Nikauweka mapajani. Ningesema nini mbele ya Mama?

Nilikata siku tatu. Nilijishusha chini, nikalala ubavu vumbini, na huo msumeno wako una meno machache kuliko bibi kizee. Mikono ilivimba. Mama alisimama mlangoni akitazama, hakunizuia, hakunisaidia. Siku ya tatu chuma cha kushoto kikaanguka. Nikauhamishia msumeno kulia, kisha nikainua macho nikaona uso wake. Nikauweka chini. Kichochoro kinataka upande mmoja tu. Cha kulia nimemwachia Mama.

Leo asubuhi majirani walikuja kama kawaida, wakafuta mikono kwenye suruali. Walinikuta nimeshageuka, naangalia barabara. Mmoja akauliza nani amenibeba.

Nakuahidi kwamba kwenye mteremko nitakwenda polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, hata wateja wakiondoka. Bado nimechoka, usidhani nimepona. Lakini wewe lala, Kaka. Mgongo wako uliomba ruhusa. Umepewa.

Mdogo wako,
Sifa