Siku Zilizochelewa

Jumapili, 4 Machi 1984
Yohani amerudi kazini leo, jikoni kwenye hoteli ya ukingoni mwa kreta. Likizo yake ilisogezwa mbele ikaangukia katikati ya mwezi wangu. Kwenye semina ya ndoa parokiani walisema wazi: katikati ni hatari, laleni mbalimbali. Nilimwambia. Akajibu, "Mama Hyasinta, nimewapikia Wazungu mayai tangu Krismasi, leo unanisomea kalenda?" Nikacheka. Basi.

Mimba siitaki sasa. Ya mwaka juzi iliharibika, mama mkwe akawatangazia majirani kwamba tuna metimani. Ndio mwiko wetu Wairaqw: mimba ikitoka, nyumba nzima hutengwa isiwaletee wengine mabaya. Hakuna aliyetugawia kaa la moto. Chemchemi tulikatazwa. Salamu pia. Hyasinta alicheza peke yake mpaka mavuno yakapita.

Jumatano, 21 Machi
Siku zangu zilikuwa zifike Jumamosi. Bado. Hukawia nikiugua – lakini sikuugua.

Jumatatu, 2 Aprili
Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Bila kuinua macho: "Kamba yako mbona haina vitambaa mwezi huu? Au siku hizi mnaanika shuleni?"
Nikasema ni mvua.
"Mvua haijanyesha tangu Ijumaa, mwalimu."
Nimetapika tena asubuhi. Ni mimba.

Alhamisi, 12 Aprili
Leo nimejikuta nachagua jina, huku nasahihisha madaftari. Nitamwambia Yohani akija Pasaka. Yeye kwanza, wengine baadaye.

Jumanne, 17 Aprili
Damu. Ilianza nikiwa ubaoni. Blandina, mwalimu mwenzangu, akanifunga khanga yake kiunoni. "Mwezi?" Nikasema mwezi.
Nyumbani nimefua vitambaa, nimevianika mbele ya mama mkwe avione. Ameitazama kamba.

Jumatano, 18 Aprili
Haipungui. Mabonge sasa. Nikisimama naona giza.

Blandina amekuja mbio kutoka shuleni. Gari la parokia linakwenda hospitali mchana huu, ameniombea nafasi. "Dada, huu si mwezi. Utaniambia nini, mimi niliyefua ile khanga?" Najua. Lakini dereva ni binamu yake Yohani. Nikipanda, jioni kijiji kizima kitajua mimba imetoka, na yatarudi yote: moto, maji, mtoto wangu kukimbiwa na wenzake. Nikibaki, ni siku zangu tu. Hakuna wa kuuliza.

Mama mkwe ameniletea uji. Ameketi kitandani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niolewe. Akasema polepole: "Nimezaa saba, naijua damu ya mwezi. Ukinitamkia, nitakwenda mwenyewe kuwaambia majirani. Siwezi kuwaficha, watapatwa na mabaya. Usiponitamkia, mimi sijui lolote."

Gari linapiga honi barabarani. Blandina amesimama mlangoni na khanga mbili, ananiambia niache kuandika. Uji umepoa. Mama mkwe hajaondoka. Ananitazama mdomo.