Feni Iliyochomelewa

Kipruto,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, nilikufukia mimi mwenyewe, kwa hivyo sitauliza. Yangu nitakuambia: nimekasirika. Nimekasirika tangu Novemba, na sasa mvua ya masika imeanza, matope yamejaa mbele ya gereji, na bado nikiamka asubuhi napata hasira imeamka kabla yangu. Mke wangu amechoka kuniuliza nimemkasirikia nani. Wa kwanza ni wewe, ndiyo maana nakuandikia.

Miaka yote ile tuliyofanya kazi yadi moja hapa Rhonda, Nakuru, wewe fundi wa injini na mimi fundi wa waya, tulibishana juu ya kitu kimoja. Nilikuambia feni ya chuma inayozungushwa na mkanda ni mzigo kwa lori. Inazunguka asubuhi injini ikiwa baridi, inazunguka lori likiteremka, inakula nguvu ambazo zingesaidia kupanda, na ukisimama karibu nayo huwezi kumsikia mtu akikuita. Nikakuambia tujaribu mbili za umeme, ziwake maji yakipata moto, zizime yakipoa. Ukanicheka. Ulikuwa umekaa juu ya tairi kama kawaida yako, kikombe cha chai mkononi.

"Njoroge, umeme ni wa redio," ukasema. "Mkanda ukikatika nitausikia. Waya ikikatika nani ataniambia?"

Mafundi wote wakacheka na wewe. Hata mimi nilicheka. Sasa siwezi kulikumbuka neno hilo bila kutaka kutupa spana.

Halafu tajiri wa lile lori la kijani akaleta gari lake. Unamjua, yule wa Milimani anayebeba mbolea na mahindi. Ulipofungua boneti uliuona ufa mara moja, pale bawa la feni linaposhikana na kati. Ulimwita akaja kuona, ukamwambia feni hiyo imekufa, anunue nyingine. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Akauliza kama si bado inazunguka. Ukamwambia inazunguka, lakini itaua mtu. Kipruto, wewe ndiye uliyesema maneno hayo, si mimi.

Kesho yake akarudi na feni imechomelewa, imepakwa na rangi juu ili ipendeze. Nilingoja uikatae. Ukaigeuza geuza mkononi, ukaigonga na nyundo, ukasikiliza. Kisha ukaifunga. Nilipokuuliza una akili gani, ulinijibu bila kuniangalia: "Ni ya safari moja tu, Njoroge. Akirudi ataleta mpya."

Safari yenyewe haikuanza. Ulimwambia dereva akanyage mafuta usikilize injini, ukainama mbele yake boneti ikiwa wazi. Mimi nilikuwa chini ya basi upande wa pili. Nilisikia mlio kama mtu amerusha sufuria ukutani, halafu injini ikaendelea kunguruma na hakuna aliyeizima. Niliinuka. Nilichokiona sitakiandika. Tulikupakia kwenye pikapu, nikakushika kichwa njia nzima, nikikusemesha mambo ya upuzi, mambo ya mpira. Tulipofika hospitali, daktari alikuja mpaka kwenye pikapu, akakuangalia, akaniambia niachilie.

Tulikuzika kwenu Londiani. Tajiri alikuja na suti nyeusi, akapewa nafasi ya kuongea, akasema siku yako ilikuwa imefika na hakuna binadamu angezuia. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeshika sepetu. Sikuitikia.

Kisha watu wakapiga kura, na mji ukaharibika. Sijui nianzie wapi kukueleza. Wanaoongea kama mimi wakaanza kubisha kwenye milango ya wanaoongea kama wewe, na huko juu kwenu mambo yakawa yale yale, kinyume chake. Moshi ulionekana popote nilipotazama. Mkeo, Mama Chela, alibishiwa mlango mchana, watoto wakila, akaambiwa chumba hicho kinatakiwa. Na unajua nani alikuwa mbele yao? Yule mwenye pikapu nyeupe. Yule uliyeamka ukiwa na homa ukamfungulia giaboksi kwa sababu alikuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali. Nilienda nikasimama mlangoni pako nikamuuliza kama amemsahau Kipruto. Aliangalia chini, akasema: "Usituletee shida. Hata wewe uko na watoto."

Nilimchukua Mama Chela na watoto nikawaweka kwangu. Lakini kwangu ni chumba kimoja na pazia, na majirani walianza kuhesabu ni sauti ngapi wanasikia. Yeye mwenyewe akasema anataka kurudi kwa mama yako. Magari hayakuwa yanaenda.

Wiki hiyo hiyo tajiri akatokea yadini. Lori lake lilikuwa limekaa pale tangu siku ile, na mafundi wengi walikuwa wametoroka. Alikuwa amepata feni nyingine ya chuma, kuukuu, kutoka lori lililokufa, na akataka niifunge. Nilimwambia hiyo sitaishika. Nikamwambia nitaweka feni za umeme, na safari ya kwanza ya lori itakuwa kumpeleka mjane wa Kipruto nyumbani, na akikataa atafute fundi mwingine kama atampata.

Akaliangalia lori lake. "Na wakilichoma huko juu?"

"Basi itakuwa siku yake imefika," nikamwambia.

Aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi, lakini alikubali. Sijui kama ni aibu au ni vile hakuwa na njia.

Feni nilizipata kwa Mama Shabana, yule mama Mhindi anayeuza spea za magari yaliyogongwa. Geti lake lilikuwa limefungwa kwa minyororo, akanifungulia mlango wa pembeni. Alikuwa na basi la watalii lililopinduka, lenye feni mbili nzito, na umeme wake ni sawa na wa lori. Nilipomwambia ni za kazi gani, akafuta vumbi na mtandio wake mwenyewe. "Kipruto angekataa hizi," akasema, kisha akageuka ili nisimwone akilia.

Nilifanya kazi ile nikikutukana. Nikatoa chuma chako, mabawa yaliyobaki na lile jeraha la welding, nikakikata vipande vidogo ili asije mtu mwingine akakiokota. Nikatengeneza koti la bati nyuma ya rejeta inayopoza maji ili hewa isitoroke kando, nikafunga feni mbili ndani yake, nikavuta waya nene kutoka kwa betri, nikaweka swichi ya joto kwenye bomba la maji. Mara ya kwanza kuziwasha zilizunguka kinyume, zikapuliza mbele badala ya kuvuta. Nilisikia kicheko chako wazi kabisa, nikageuka. Nikabadilisha waya. Halafu kwenye dashibodi nikafunga taa moja nyekundu, inayowaka feni ikikosa umeme. Uliuliza nani atakuambia waya ikikatika. Taa, Kipruto. Taa ya kawaida, ya ukubwa wa punje ya hindi. Jibu lilikuwa rahisi hivyo, na hukunipa hata nafasi ya kulimaliza.

Hakuna dereva aliyekubali, kwa hivyo niliendesha mwenyewe. Tuliondoka asubuhi, Mama Chela kando yangu na mtoto mgongoni, Chela katikati, nyuma godoro, cherehani na vyombo. Kuanzia Salgaa barabara ilikuwa tupu. Kwenye kilima cha Sachangwan nilishusha gia mpaka lori likawa linatambaa, na kando ya barabara kulikuwa na magari yaliyochomwa, bado yananuka. Ukisimama pale na rejeta inachemka, umekwisha. Mshale wa joto ukapanda. Nilikuwa nauangalia zaidi ya barabara. Kisha nikasikia feni zikiingia, mvumo mdogo tu, na lori halikuvutwa nyuma hata kidogo, na mshale ukatulia, ukaanza kurudi. Tulipanda kile kilima chote tukisikia Chela akiuliza kama bibi ana paka. Nilitaka ungekuwa pale uone. Nilitaka nikushike shati nikuulize: sasa?

Walitusimamisha tukikaribia Londiani. Mawe barabarani, mti, vijana na wazee wachache, mapanga na mishale. Waliniamuru nizime injini. Nikazima, lakini feni zikaendelea kuzunguka, maana maji yalikuwa bado moto. Mmoja akauliza ni nini kinanguruma na gari limezimwa. Wakaniambia nifungue boneti. Nilifungua, nikawaeleza swichi, nikawaeleza joto, kama mwalimu aliyechanganyikiwa. Walisikiliza mpaka feni zikazima zenyewe. Kisha mkubwa wao akaniuliza jina.

Nililisema. Ningesema nini? Uso wangu na ulimi wangu vilikuwa vimeshasema.

Mama Chela akashuka. Akaongea na wao kwa lugha yenu, polepole, na mimi nilichoelewa ni jina lako tu. Halafu akageukia Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Huyu ndiye alimzika mume wangu," akasema. "Mkimgusa, mtatuzika na sisi hapa hapa."

Hakupaza sauti. Yule mkubwa alimwangalia mtoto mgongoni, akaniangalia, kisha akaenda mwenyewe kusukuma mawe.

Mama yako alinipokea kama mtoto wake. Alinipa maziwa, akanikalisha mahali pako. Na nilipokuwa nakunywa akaniuliza ulikufaje, kwa sababu pale mazishini alisikia habari ya siku kufika na hakuielewa. Nilimweleza yote. Ufa, tajiri, welding, rangi. Alisikiliza mikono ikiwa imetulia mapajani. Nilidhani atalia au atamlaani tajiri. Aliniuliza kitu kimoja.

"Na Kipruto, alijua?"

Nikamwambia ndiyo, mama, alijua. Akainuka, akaenda kwa ng'ombe, akakaa huko muda mrefu.

Hilo ndilo siwezi kumeza. Tajiri ni tajiri, kazi yake ni kutaka gari litembee. Lakini wewe ulikuwa na mikono iliyojua, na ulimi uliosema feni hii itaua mtu, na bado ukachukua spana. Kwa nini? Ili asikuone mkaidi? Ili kazi isiende kwa mwingine? Ungeniambia sababu, hata kwa hasira, tungegombana, tungeacha lori lile lioze. Badala yake umenifanya niwe mtu wa kumwambia mama yako neno kama lile.

Nilirudi Nakuru nyuma ya magari ya polisi, pamoja na watu wa upande wangu waliokuwa wanatoroka huko juu, mbuzi na makochi juu ya malori. Nilimrudishia tajiri funguo nikamwambia mbele ya mafundi kwamba alimuua mtu, na kwamba nitamwambia hivyo kila tukikutana. Akasema mambo yamepita, tusonge mbele. Sasa lori linapanda vizuri, madereva wanalisifu, na nasikia anawaambia watu feni za umeme zilikuwa wazo lake. Chumbani mwako anakaa yule wa pikapu nyeupe. Hanisalimii, nami simsalimii. Watu wanasema amani imerudi. Wamefungua maduka, ndiyo, lakini Mama Chela hajarudi, na mimi nakunywa chai peke yangu.

Jana Chela alinipigia kwa simu ya bibi yake. Ameanza shule huko. Aliuliza kama spana zako bado ziko, nikamwambia ziko, nimezipaka mafuta. Hakuuliza lile lingine. Ataliuliza, akiwa mkubwa.

Kwa hivyo sikia ahadi yangu. Sitamwambia siku yako ilikuwa imefika. Sitamwambia ni Mungu wala sitamwambia ni bahati mbaya. Nitamwambia baba yake aliuawa na chuma chenye ufa, ambacho watu wawili walikirudisha kwenye injini wakijua kina ufa, na mmoja wao alikuwa yeye. Nitamwambia pia kwamba hakukuwa na fundi kama wewe kuanzia Naivasha mpaka Londiani, na kwamba nilikupenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Atachagua mwenyewe akasirike au asikasirike. Akikasirika, nitamtengea kiti kando yangu.

Kwaheri, Kipruto. Mvua imeacha, kuna gari limeingia.

Njoroge